Agizo la Kibanda cha Cobb

Simu ya kibanda cha Cobb ilinuka kabla haijasema. Orville Stuckey, dereva wa gari la reli ya umeme, alipoinua mkonga wake, alisikia harufu ya vanishi inayoungua, ilhali nje theluji ilifika magotini, na katika mashamba yote yale ya Indiana hapakuonekana moshi.

"Hebu fanya upesi, bwana," kondakta wake, Clem Hartzog, alimhimiza mlangoni. "Kuna mama kapanda na bata mzinga, na huyo bata ananisema kuliko mke wangu."

Reli ilikuwa moja. Magari yaliyoelekeana yaliweza kupishana penye njia mbili tu, kama hapo Cobb, au Haskett huko mbele. Kwa hiyo dereva alimpigia simu mwongozaji aliyeko mjini, akaandika agizo, kisha akalirudia neno kwa neno mpaka ajibiwe, "Sahihi." Agizo lisilorudiwa halikuwa agizo. Orville alikuwa amerudia maagizo kwa miaka kumi na tisa, hata ulimi wake ulitangulia akili.

Siku hiyo alikuwa na wasiwasi wake. Gari namba 41, lililokuwa likija kutoka upande wa pili, lilikuwa limembeba binti yake Idella, aliyekuwa akirudi nyumbani kwa Krismasi.

"Gari ishirini na tisa," ilisema sauti, polepole. "Endelea mpaka Haskett, upishane na arobaini na moja. Saa tisa na dakika kumi na saba. Rudia."

"Gari ishirini na tisa," Orville alianza huku akiandika, "endelea mpaka Haskett, upishane na arobaini na moja. Saa..."

Jicho lake likaangukia saa yake ya mfukoni. Ilikuwa saa kumi na dakika mbili.

Clem aliisoma karatasi, na mzaha ukamtoka usoni. "Stuckey," alinong'ona, "hiyo ni saa ya Rademaker."

Rademaker alikuwa mwongozaji aliyetoa agizo hilohilo kimakosa, saa hiyohiyo, miaka kumi na moja nyuma, magari mawili ya mbao na vanishi yakakutana uso kwa uso, yakaungua pamoja na watu waliokuwamo. Yeye mwenyewe alizikwa kabla ya mwezi kwisha.

"Weka chini hiyo simu."

"Na kama ni agizo la kweli?"

"Na kama si la kweli, mwanao yuko mbele yetu."

"Rudia, Orville," ilibembeleza sauti, na nyuma yake vikasikika vioo vikipasuka, na watu wakikohoa, wengi, wakikohoa kama waliojazana katika chumba kidogo kisicho na mlango, na ile harufu ikamwingia kooni, na ulimi wake ukaanza kujongea wenyewe kinywani kama mnyama aliyeamshwa, hata ikambidi auume mpaka damu ikamchuruzika kidevuni, ndipo akaweza kuutundika mkonga.

Hawakuwa wamelifikia gari lao honi ilipolia. Namba 41 ikachomoza kutoka kwenye theluji, ikapita njia ya pili kwa kishindo. Idella alipunga mkono dirishani.

Miaka ikapita. Mabasi yakaiua reli, vyuma vikang'olewa, vikauzwa. Orville alizeekea kwa Idella, katika nyumba isiyowahi kuwekwa simu, iliyojengwa mahali reli ilipopita. Kila Jumapili baada ya chakula mzee alisinzia kitini, na midomo yake ikaanza: gari ishirini na tisa. Idella alimziba mdomo kwa kiganja kabla hajamaliza agizo, kama alivyomwapia.

Jumapili moja mikono ya Idella ilikuwa ndani ya unga wa mkate.

"...upishane na arobaini na moja," mzee alikuwa akisema usingizini. "Saa tisa..."

"Baba, nyamaza. Baba."

"...na dakika kumi na saba."

Idella alisimama, vidole vikidondosha unga, akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi na saba.

"Sahihi," ukuta ulijibu.

Kisha, upande wa bustani, palipokuwa na viazi tu, honi ikalia, na jikoni pakaanza kunuka vanishi.