Koti la Marehemu Venansi

Siku ya treni, stesheni ya Mpanda ilikuwa haina pa kuweka mguu. Kalista alikuwa ametumwa na shangazi yake Dafrosa, fundi cherehani, akapokee jora la kitambaa kutoka Tabora. Alivaa gauni la maua madogo ya bluu alilolishona mwenyewe, na kitambaa cheupe kichwani. Akiwa anabanwa huku na huku, mzee mmoja kipofu akamshika kiwiko.

"Mjukuu wangu, nisaidie. Watanikanyaga hawa."

Mzee alikuwa amepinda mgongo, anatetemeka, midomo imeingia ndani kama hana jino hata moja. Kalista akamwonea huruma. Akamvusha kwenye magunia, akagombana na wapagazi wawili kwa ajili yake, akamtoa mpaka barabarani na kumkalisha kwenye jiwe.

"Unakwenda wapi, babu?"

"Kazini," mzee akasema.

Akasimama. Mgongo ukanyooka, macho yakafunguka, meno yote yakaonekana meupe. Hakuwa mzee. Alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na tano, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi mpaka inakata.

Kalista akaufuta kwenye gauni mkono aliomshikia babu.

"Samahani, dada," kijana akasema. "Nina mchezo Jumamosi mchana, ukumbi wa mgodini. Nacheza kipofu. Nilitaka kujua kama nimeiva."

"Umeiva. Nimetukana watu wazima kwa ajili yako."

"Basi njoo uwaone na wenzake huyu kipofu."

Jina lake Ubaldo, Mnyamwezi wa Urambo, karani wa stoo mgodini. Michezo alikuwa anaitunga mwenyewe, na kwa kuwa waigizaji hawakutosha, alicheza karibu watu wote. Jumamosi ile Kalista alimwona akiingia nyuma ya shuka kama kipofu, akitoka kama mke wa kipofu, akirudi kama askari, halafu kama mzungu anayetukana kwa Kiswahili bila kukijua. Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Kalista peke yake hakucheka. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, anajiuliza mtu mmoja anawaweka wapi wote hao.

Tangu hapo Ubaldo akawa mteja wa Dafrosa. Leo kanzu, kesho sketi, keshokutwa joho la hakimu.

"Baba, wewe una mwili mmoja au sita?" Dafrosa akamuuliza.

"Mmoja, shangazi. Lakini unapenda kuja hapa kila siku."

Duka la Dafrosa lilikuwa karibu na stesheni, na karani wa tiketi, Gaspar, alikuwa anamwita Kalista simu ikimhusu. Siku moja Kalista aliitwa, akapokea simu ya bibi kizee.

"Shikamoo, bibi," Kalista akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi bibi yake Ubaldo. Mjukuu wangu hali, halali, amekuwa kama ufito. Umempa nini?"

"Sijampa kitu, bibi."

"Ndiyo ugonjwa wenyewe huo. Mpe basi hata neno moja."

Kalista aliitikia kwa adabu dakika nzima, mpaka bibi aliposhindwa kujizuia akacheka kwa sauti nene.

"Ubaldo, wewe si mtu mzuri."

"Nakupenda, Kalista."

Kalista akauliza lile lililomsumbua tangu siku ya treni.

"Ni nani anasema? Kipofu, askari, au bibi?"

"Ni mimi."

"Na mimi nitajuaje?"

Ubaldo akajibu kwa sauti ya hakimu, eti kesi imeahirishwa. Kalista alicheka, lakini swali lake lilibaki pale pale.

Hata hivyo posa ilipelekwa. Baba yake Kalista, Mzee Venansi, Mpimbwe, alikuwa katekista wa Majimoto, mtu mrefu anayechechemea mguu wa kushoto na kukohoa mara mbili kabla ya kusema. Alikuwa amewahi kuja Mpanda akauona mchezo, akacheka mpaka akashikiliwa. "Hawa Wanyamwezi ni watani wetu," alisema, "lakini huyu amezidi. Mchukue." Tangu posa ipokelewe, Ubaldo akawa mkwe. Utani ukaisha. Mbele ya wazee alichuchumaa, macho chini, hata kula nao hakula. Kwa watu wa pale mkwe na mtani ni vitu viwili, havikai katika mtu mmoja.

Kisha Mzee Venansi akaugua kifua. Mwezi haukwisha, akafa.

Majimoto ilijaa watu. Kalista alikuwa amekaa chini na wanawake, macho yamevimba. Mara aliona wanaume wanapisha njia, na katikati yao anakuja baba yake.

Alikuwa baba yake. Koti lile la kijivu lenye kiraka begani, kofia ile, mguu wa kushoto unaburuzwa. Akasimama kando ya kaburi, akakohoa mara mbili.

"Nyie mnalia nini? Mpunga nani anauangalia? Gaudensi, mdogo wangu, jembe langu uliloazima mwaka juzi, hata leo unakuja nalo mazikoni?"

Watu waliangua kicheko katikati ya machozi. Hiyo ni kazi ya mtani, kumvaa marehemu na kumwongelea ili waliobaki wapate nguvu. Lakini Kalista aliutambua ule mkono uliomshika kiwiko stesheni. Alikuwa Ubaldo.

Gaudensi, baba mdogo wa Kalista, naye akamtambua. Kicheko kikamkauka.

"Huyu si mkwe wetu? Mkwe gani anavaa koti la baba mkwe? Amechagua utani. Basi na ukwe umekwisha, mbele ya watu wote hawa."

Ubaldo akavua kofia. Akamtazama Kalista.

"Kalista, nisikilize..."

"Hata baba yangu umemfanya mchezo," Kalista akasema taratibu. "Ondoka."

Akaondoka, koti ameliacha juu ya mkeka.

Wiki mbili Kalista hakusema na mtu. Matanga yalipoanuliwa, mama yake, Bibiana, ambaye siku zote hizo alikuwa amefungiwa ndani kama mjane, alimwita.

"Ulimfukuza yule kijana?"

"Alitudhalilisha, mama."

"Baba yako alimwita mwenyewe akiwa kitandani. Alimfundisha kuchechemea, alimfundisha na kukohoa. Akamwambia, siku hiyo sitaki mtani mwingine, wengine watanikosea. Kijana alilia. Alisema, mzee, nitamkosa Kalista. Baba yako akamwambia, niahidi kwanza. Akaahidi."

Mtu yule alijua atakachopoteza, na bado alikuja.

Kalista alidandia lori la mpunga mpaka Mpanda. Dafrosa akampa habari nyingine: redio ya Dar es Salaam ilikuwa imemwita Ubaldo akatunge na kuigiza michezo, na treni yake ilikuwa Alhamisi, siku tatu mbele. Kalista alikimbilia simu ya Gaspar.

"Mgodini, stoo," sauti ikasema.

"Ubaldo. Usinijibu kwa sauti ya mtu mwingine."

"Sina sauti ya mtu leo."

"Mama ameniambia. Kwa nini wewe hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenikataza. Na mimi ningekusikiliza wewe."

Kalista alilia kwenye simu, Gaspar akajifanya anahesabu tiketi.

"Njoo Majimoto kesho," akasema. "Baba mdogo anasema posa imekufa."

"Nikaseme nini?"

"Mtunzi ni wewe."

Alikuja na shati jeupe, vumbi la lori mpaka kwenye kope. Wazee walikuwa wamekaa uani, Gaudensi katikati. Bibiana alishasema yake na wakubwa wamemsikia. Sasa walitaka kumsikia mwanamume.

"Haya," Gaudensi akasema. "Tumekusikia ukisema kama marehemu kaka. Sema kama wewe."

Ubaldo akachuchumaa. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Mtu aliyejaza ukumbi wa mgodini kwa sauti sita alijaribu tena, jasho likamtoka, mikono hajui aiweke wapi. Wazee wakatazamana. Mmoja akadhani anaumwa.

"Anasema anataka kunioa," Kalista akasema kutoka mlangoni.

Gaudensi akageuka. "Wewe umejuaje? Hajasema hata neno."

"Ndiyo maana nimejua, baba mdogo."

Gaudensi alimtazama Ubaldo, akaitazama mikono yake isiyojua pa kukaa. Kisha akawaambia wanawake wampe mkwe maji ya kunywa.