Paa Jipya au Kiraka

Ukumbi wa shule ulikuwa umefurika watu mpaka madirishani. Chapuchapu, msusi aliyepewa jina hilo kwa wepesi wa vidole vyake, aliingia akihema, mtandio wa njano juu ya gauni la kazi linalonukia mafuta ya nywele. Akaona kiti kimoja kitupu, akakivamia. Mkono mwingine ukakidaka upande wa pili.

"Samahani, dada, mimi nimekiona kwanza."

"Wewe umekiona. Mimi nimekishika."

Mwanamume yule akacheka. Shati lake la bluu lilikuwa limenyooka kwa pasi, ila nywele zilijaa vumbi la mbao. "Haya, kaa. Ukichoka kukaa, niite."

Chapuchapu hata hakukaa. Kila bajeti ilipotajwa aliruka wima. Wakazi walikuwa wakivutana kuhusu jengo la zamani la shule lenye paa bovu. Likizibwa viraka, fedha zingebaki, na darasa la watoto viziwi lingeendelea mle mle. Likiezekwa upya, bajeti yote ingeishia juu, jengo lingefungwa, na darasa hilo lingesitishwa kwa kukosa chumba. Mdogo wake Chapuchapu alisoma humo.

"Kiraka!" alipaza sauti. "Watoto wetu hawawezi kukaa nyumbani wakisubiri mabati!"

Mwenyekiti akaahirisha mkutano ili paa likaguliwe kwanza.

"Dada, unaongea kwa mwili mzima," yule bwana alimwambia mlangoni. "Mimi ni seremala. Karakana yangu iko nyuma ya soko. Nikitaka kunyolewa?"

"Mimi nasuka, sinyoi."

"Basi nitazifuga."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Simu zikawa haziishi.

"Uko wapi, kipenzi?"

"Saluni. Nina kichwa cha mtu mkononi."

"Kisalimie."

Jioni Seremala alifika kwao na mdogo mtu akamfundisha lugha ya alama. Alipotaka kusema "rafiki" vidole vikamgoma, akasema jambo jingine kabisa, na binti huyo akacheka mpaka akashika mbavu. Mama alitazama kutoka jikoni, akaongeza sahani mezani bila kuulizwa. Chapuchapu aliona hayo yote, akamsogezea Seremala kiti.

Mkutano wa pili ulipoitishwa, mwenyekiti alisema, "Tumsikilize fundi aliyekagua paa."

Akasimama Seremala.

Chapuchapu alihisi masikio yakimwaka moto. Hakuwa ameambiwa lolote.

"Viraka havitasaidia," Seremala alisema, macho chini. "Mbao zimeoza. Naomba jengo lifungwe."

"Na paa jipya utalipiga wewe, si ndiyo?" mtu mmoja akapaza sauti nyuma. Ukumbi ukaangua kicheko. Chapuchapu alikuwa keshatoka nje. Seremala akamfuata mbio.

"Ulijua tangu lini?" Chapuchapu akamgeukia.

"Tangu wiki iliyopita."

"Jana ulikuwa kwetu, unakula, unacheza na mdogo wangu. Ukanyamaza!"

"Niliogopa utanichukia."

"Na ulivyonyamaza, nikupende? Au ni kweli wasemavyo, unatafuta kazi?"

Chapuchapu hakungoja jibu. Akaondoka zake.

Tangu hapo hakupokea simu. Kazini alisuka mstari ukaenda upogo, mteja akataka ufumuliwe wote. Nyumbani alisimama, akakaa, akasimama.

"Mwanangu," Mama alisema, "simu hiyo ipokee au uizime. Inanitetemeshea vikombe."

"Ni mwongo, Mama."

"Kuhusu paa, au kuhusu wewe?"

Swali hilo lilimtoa nyumbani. Alikwenda shuleni asubuhi, amedhamiria kumuumbua Seremala. Mwalimu wa darasa la viziwi alimruhusu kupanda juu ya dawati. Chapuchapu akachomoa kitana chake cha kusukia, chenye mkia mwembamba wa chuma, akauchomeka kwenye boriti. Ukazama wote, kama kwenye mkate.

Hapo boriti ikalia. Mlio mkali, mkavu. Mwalimu alishtuka, chaki ikamponyoka. Chapuchapu akatazama chini. Hakuna mtoto aliyeinua kichwa. Mdogo wake alikuwa akiendelea kuchora ua, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, unga wa mbao ukimwangukia begani.

Akainama ashuke haraka. Mwalimu akampa mkono, kisha wakawatoa watoto wote nje.

Siku ya kupiga kura alisimama mbele ya ukumbi uleule. "Lifungwe," alisema. "Paa liezekwe upya."

"Si wewe uliyepigia kelele kiraka?" mwenyekiti alishangaa. "Na mdogo wako?"

"Sijui, mzee wangu. Lakini akiwa hai nitamtafutia darasa."

Mikono ikanyooshwa, paa jipya likapita. Hakushangilia mtu. Ndipo Seremala akasimama.

"Paa hilo apewe fundi mwingine, nisije nikaambiwa nilijitafutia kazi. Ila nina chumba juu ya karakana. Darasa la viziwi likae humo bure mpaka jengo liishe."

"Juu ya karakana?" mama mmoja akadakia. "Na makelele ya msumeno?"

Watu wakatazamana. Wa kwanza kucheka alikuwa mwalimu wa viziwi. "Wanafunzi wangu hawatalalamika. Labda mimi."

Ukumbi mzima ukacheka, na safari hii Chapuchapu naye alicheka, machozi yakimtoka.

Alimkuta Seremala getini, shati halijapigwa pasi.

"Nilikudhania vibaya," alisema. "Lakini usinifiche tena jambo. Hata likiwa baya."

"Sitakuficha."

"Chumba hicho kilikuwa na mpangaji?"

"Hapana. Nilikuwa nakipiga rangi."

"Ya nini?"

Seremala akafuta viganja kwenye suruali. "Nilitaka nikuombe tuishi humo. Sasa sina pa kukuweka."

"Kwani umeshaniomba?"

"Hukupokea simu."

"Simu? Jambo kama hilo la simu?"

Watu walikuwa wakiwapita kila upande, bado wakibishana. Seremala hakuwajali. "Basi nakuomba hapa. Niruhusu nikuoe, mpenzi."

Chapuchapu, ambaye hakuwa ametulia tangu siku ile alipotoka ukumbini, alisimama tuli. Kisha akamshika mkono.

"Nimekubali. Twende ukamwambie Mama. Na nyumba tutaitafuta mbali na huo msumeno wako. Mimi nasikia."