Kaburi la Mgomba

—Nakhumicha, habari ya mgomba ulimwambia nani?

Nakhumicha alibaki ameshika kipimo cha maziwa hewani. Ilikuwa saa mbili asubuhi, kituo cha maziwa hapo Njoro kimejaa wakulima na mitungi yao, na mamake si mtu wa kupiga simu saa za kazi.

—Mgomba gani, Mama?

—Usinifanye mtoto! Mgomba tuliozika. Ulimwambia nani?

—Sijamwambia mtu.

Uongo ulimtoka wenyewe, laini kabisa, kabla hajaufikiria. Ndivyo alivyolelewa.

—Basi ni shetani ameandika kwa Facebook. Jana Edinah alitusomea kwa kikundi cha wajane. Hadithi ya mapenzi, watu wanacheka, mimi nimeshika chai yangu. Mara mama wa huyo msichana anasema bwanake amezama ziwani Uganda, mwili haukupatikana. Mara anazika mgomba. Edinah akaacha kusoma, akanitazama. Wote wakanitazama, Nakhumicha!

—Ukasema nini?

—Nilisema tumbo linaniuma, nikatoka. Tunakutana tena Jumamosi. Watataka jibu.

Jamani, acheni niwaambie ukweli wenyewe. Wasike, babake Nakhumicha, hakuzama popote. Alihamia Olenguruone kwa mwanamke mwingine, na hadi leo anauza viazi huko, mzima, na kitambi juu. Mamake aliona heri aitwe mjane kuliko kuitwa aliyeachwa. Kwa desturi ya kwao, mtu akipotea na mwili usionekane, gogo la mgomba huzikwa mahali pake. Basi akazika mgomba kwenye kaploti kao nje ya Njoro, waumini wakaimba, na Nakhumicha, miaka minane tu, akaambiwa arushe udongo wa kwanza na alie. Alilia vizuri sana, wamama wakamsifu.

Nje ya nyumba yao, mtu mmoja tu aliijua siri hiyo: Jerry Makhanu, mchumba wake. Angefanyaje? Mahari ilikuwa imekaribia, na ng'ombe hupokewa na baba au ndugu za baba. Wazee wa Jerry waliuliza ni nani upande wa Wasike atakayewapokea. Nakhumicha hakuwa na wa kumtaja, akamweleza Jerry yote, akilia kifuani pake, na Jerry akaapa, "Hii itakufa na mimi." Wee! Mwanaume mwenye ukurasa wa simulizi na wasomaji elfu arobaini!

Nakhumicha aliufungua ukurasa huo hapo hapo, mkono ukinuka maziwa. Msichana wa hadithi aliitwa Fancy.

"Fancy hakuweza kusema ukweli hata akiulizwa saa. Wenzake walilelewa kwa uji, yeye alilelewa kwa uongo."

Chini yake watu walikuwa wamemiminika.

"Huyo usioe. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

"Jerry unatuua bana! Leta sehemu ya tisa!"

Na Jerry mwenyewe amejibu, na kicheko juu: "Tabia ya mhusika huanza jikoni kwa mamake 😂😂"

Msichana anayegundua maji ndani ya maziwa kwa kutazama tu, huyu mwanaume alimpitaje? Alivua aproni, akamwachia mwenzake kazi, akaelekea Nakuru.

Jerry alifungua mlango akitabasamu.

—Babe! Mbona hukuniambia unakuja?

—Fancy ni nani?

—Ah, hiyo? Ni mhusika tu.

—Mhusika aliyezika mgomba?

—Nilibadilisha majina, Nakhumicha. Nikapeleka kila kitu Kisumu.

—Ulibadilisha kila kitu ukaniacha mimi vile nilivyo.

—Ebu keti kwanza. Watu wanaipenda. Kuna wasichana wananiandikia wakisema sasa wamejielewa. Naonyesha vile wazazi hutengeneza mtu. Hiyo ni mbaya?

—Mbona hukuandika yako?

—Yangu gani?

—Siku baba yako pasta alisimama madhabahuni akaambia kanisa nzima umekojoa kitanda, una miaka kumi na moja, umeketi kiti cha mbele. Watu wakasema amina. Uliniambia ukilia, Jerry. Mimi nimemwambia nani?



—Usimwingize mzee wangu hapa.

—Yeye alikuwa na madhabahu. Wewe una simu. Hiyo tu ndiyo tofauti.

—Wacha nikuletee maji ya kunywa. Umekasirika.

Akaenda jikoni, na hapo ndipo alipokosea, kwa maana kompyuta yake ilikuwa mezani, wazi, na juu imeandikwa SEHEMU YA MWISHO. Nakhumicha aliinama. Jerry aliporudi na glasi, alimkuta akisoma kwa sauti.

—"Fancy aligundua kwamba mpenzi wake ndiye aliyetoa siri. Alilia siku mbili. Kisha akamsamehe, kwa sababu alilelewa kumsetiri mwanaume, kama mamake alivyomsetiri babake. Mwanamke wa aina hiyo haondoki." Uliandika lini hii?

—Ni hadithi tu...

—Lini, Jerry?

—Mwezi jana. Kabla nianze kupost.

—Kwa hivyo ulijua nitagundua. Ulijua itaniuma. Na ukajua nitanyamaza.

Kilichomchoma Nakhumicha kuliko yote ni kwamba karibu iwe kweli. Njia nzima kutoka Njoro alikuwa akimtafutia Jerry visingizio vya kumpa mama: labda aliibiwa simu, labda mtu mwingine aliandika. Tayari alikuwa ameanza kumsetiri. Alijionea aibu, akamchukia mwanaume huyu, na bado akampenda, vyote mara moja. Akatoa simu akampigia mamake, Jerry akiwa amesimama na glasi yake.

—Mama, ni mimi nilimwambia Jerry. Asubuhi nilikudanganya. Naomba unisamehe.

Mamake akashusha pumzi.

—Nilijua. Hukuchukua hata sekunde kunijibu. Sasa sikiza. Jumamosi uje uwaambie si sisi. Wewe watakuamini, ukisema kitu husema vizuri.

—Siwezi tena, Mama.

—Unataka wanicheke? Kwa uzee huu?

—Wakikucheka watatucheka wawili. Nitasimama na wewe.

—Nakhumicha...

—Nimechoka, Mama. Wewe hujachoka?



—Miaka kumi na tisa, mamake akasema polepole, napalilia kaburi la mtu anayekula viazi huko Olenguruone. Nimechoka, mwanangu. Nimechoka sana.

Nakhumicha alikata simu, akavua pete, akaiweka juu ya kompyuta.

—Waambie wazee wako ng'ombe wabaki nyumbani.

—Nitafuta yote! Sasa hivi! Tafadhali, nakupenda.

—Najua unanipenda. Futa ama usifute, mimi sirudi.

Alilia siku mbili, hilo Jerry alilipatia. Simu zake hakushika hata moja.

Jumamosi kikundi kilikutana kwa Edinah, wanawake kumi na mmoja na birika la chai. Hakuna aliyeimba wimbo wa kufungua. Mamake Nakhumicha alisimama, bintiye akamshika mkono.

—Mimi si mjane, akasema. Wasike yuko hai. Aliniacha akaoa mwingine, nikaona aibu, nikazika mgomba. Mlileta rambirambi, mkanilisha, na mimi niliwadanganya. Mtoto wangu nilimfundisha uongo huo kabla hajajua kusoma vizuri. Mkitaka nitoke, natoka.

Mwanamke mmoja alijifunga leso upya. Nakhumicha aliukaza mkono wa mamake, akingoja matusi.

Edinah ndiye aliyesema kwanza, macho yake chini.

—Keti, mama Nakhumicha.

—Mnanifukuza?

—Keti, nimesema. Wangu pia hakufa, yuko Keringet. Amefungua duka.