Skrubu Nyuma ya Sikio

Asubuhi hiyo muuza nyama alikuwa akisafisha kwa brashi laini ngozi inayozunguka skrubu aliyopandikizwa kwenye mfupa, nyuma ya sikio, aliposikia mtu akitafuna. Kifaa chake cha kusikia kilikuwa bado kisandukuni, na bila hicho hata radi haisikii.

Akakipachika haraka. "Mke wangu, unakula?"

"Nile nini, nawe hujaniletea hata mkate?" Mkewe alikuwa anapiga pasi.

Muuza nyama akarudisha brashi kisandukuni. Alijua alipokosea, wala si kwenye mkate. Jana buchani mwenzake wa kazi aliomba kukijaribu kifaa, akakigusisha kwenye meno, maana sauti yake hupita mfupani. Ndipo muuza nyama mwenyewe akakibandika kwenye fuvu la ng'ombe lililokuwa juu ya gogo. "Na huyu mzee naye asikie!" Walicheka hadi machozi. Alipokirudisha kichwani kilikuwa baridi kama barafu. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Kufikia saa sita, akiwa buchani, kutafuna kulikuwa kumegeuka sauti yenye maneno. "Fungua mfupa," ilisema. Akavua kifaa, ikazidi. Pua ikajaa harufu ya mfupa unaokatwa kwa msumeno, mkono ukapanda wenyewe, shoka likashuka, na vidole viwili vya mwenzake vikabaki juu ya gogo.

Alikimbia. Alikimbilia nyumbani kwa sababu hakuwa na kwingine, akijigonga kichwa kwenye kila ukuta ili sauti inyamaze, akirudisha kifaa kichwani ili walau asikie watu badala ya lile dude, hata alipoingia na kumkuta binti yake peke yake mezani na daftari ndipo alipoona kwamba kisu cha kuchunia kimo mkononi na mkono umeshainuka.

"Baba," binti alinong'ona, "baba, unanitisha."

Miaka sita tangu binti azaliwe hakuwahi kuisikia sauti yake. Alikuwa ameipata kwa miezi mitatu tu, tangu apate kifaa, na alikuwa anaipenda kuliko uhai wake.

"Fungua huo mdogo," lile dude likasema.

Kisu kikaanza kushuka. Kwa mkono mwingine, uliokuwa bado wake, alichukua koleo kwenye rafu, akang'oa kifaa, akaibana skrubu, akavuta. Mfupa ulilia. Akavuta tena huku akinguruma, damu ikimchirizika shingoni, mpaka skrubu ikatoka na kipande cha fuvu, na kisu kikaanguka.

Kimya. Kimya cha zamani, kizito, na safari hii cha milele. Alilia kwa uchungu na kwa furaha, kwa kuwa mtoto alikuwa mzima.

Binti akamrukia, akamkumbatia, paji lake la uso likikandamiza lile jeraha, mfupa kwa mfupa.

Alipojitenga, damu ilikuwa usoni pake. Aliinamisha kichwa upande, kisha midomo yake ikacheza polepole, na miaka ya uziwi ilikuwa imemfundisha baba kuisoma vizuri.

"Baba, nani huyu anasema nikufungue?"

Binti akainama, akaokota kisu.