Zana za Mzee Kijuu

Katika Kituo cha Misimbo cha Dodoma hakuna aliyekuwa amegusa kibodi asubuhi ile, lakini kwenye ukuta wa kioo mafaili yalifunguka na kufungika yenyewe. Mistari ya msimbo ilitokea, ikafutwa, ikaandikwa upya. Aliyekuwa kazini ni Mshona, wakala wa akili mnemba, aliyepewa jina hilo kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutia viraka programu za jiji: za pampu za maji, za taa za barabarani, za treni za angani. Msimamizi wake, mhandisi Nyemo Chilongola, alipenda kumtazama huku akinywa chai.

Siku hiyo chai ilipoa mezani. Sista Verdiana, muuguzi wa watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati na kulazwa ndani ya visanduku vya joto, katika hospitali ndogo ya Chemchemi, alipiga simu akihema.

"Dada Nyemo, visanduku-joto vimerukwa na akili! Mtoto ana baridi, chenyewe kinasema ana joto, kinazidi kumpoza. Tumewatoa wote, mama zao wamewaweka kifuani. Lakini yuko mmoja, mdogo mno. Huyu hawezi kukaa nje muda mrefu."

"Mama yake aendelee kumkumbatia," Nyemo alisema. "Tunaanza sasa hivi."

Wiki ile visanduku vyote vilikuwa vimefungwa vipima-joto vipya, na ni wazi kwamba programu haikuelewana navyo. Shida ni kwamba programu yenyewe ilikuwa kongwe, na ilihifadhiwa katika kihariri cha zamani, yaani ukurasa wa kuandikia msimbo ndani ya kivinjari. Vihariri vya kisasa humpa wakala zana: kila tendo lina jina, wakala hulitaja jina, tendo likafanyika. Hiki cha zamani kilikuwa na vitufe tu, vilivyowekwa kwa ajili ya macho na vidole vya binadamu. Mshona ilimbidi atazame picha ya ukurasa na kubahatisha mahali pa kubonyeza.

Alibahatisha vibaya. Alipoandika bano moja, kihariri kiliongeza la pili chenyewe. Ukurasa ukasogea, na mstari wake ukaangukia pasipo pake.

"Naomba nisimame," Mshona alisema. "Kila nikifika mahali, pameshahama. Nikiendelea nitaharibu zaidi."

Nyemo akavuta kibodi aanze mwenyewe. Lakini mafaili yalikuwa maelfu, na pale kituoni hapakuwa na mtu aliyewahi kuyasoma. Kulitafuta kosa kwa macho kungechukua siku nzima, na mtoto yule hakuwa na siku nzima. Akapekua mipangilio ya kihariri, ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta mlango. Chini kabisa akakuta maneno mawili: *Kwa asiyeona*.

Akabonyeza. Sauti ya mwanamume, tulivu, ikasema: "Karibu. Taja unachotaka."

Zikajipanga amri: fungua, tafuta, soma mstari, badili, jaribu, rudisha. Kila amri ilifanya kazi moja tu, kisha ikaeleza kwa maneno kilichotokea. Kubahatisha hakukuhitajika tena.

"Mshona, hizi zitakufaa?"

"Zitanifaa sana. Nilikuwa kama niliyefungwa mikono."

Nyemo hakupata hata nafasi ya kukaa vizuri kitini. Mshona alitafuta, akasoma, akakuta kwamba vipima-joto vipya vilituma namba kwa kipimo kingine na programu ilizitafsiri kwa kile cha zamani. Akabadili, akajaribu, akajaribu tena, kisha akangoja, maana sheria ilikuwa kwamba kiraka kinachogusa mgonjwa hakitumwi bila ruhusa ya binadamu. Nyemo akausoma mstari ule mara mbili. Akaruhusu.

Baada ya dakika chache Verdiana akapiga yowe simuni: "Kimepata joto! Dada, tumemrudisha ndani, na rangi inamrudia!"

Nyemo akaweka kichwa mezani, akalia. Alipojifuta aliuliza, "Nani alitengeneza zana zile?"

"Hamdani Kijuu," Mshona alijibu. "Alikuwa mhandisi wa kituo hiki."

Kesho yake Nyemo alimkuta mzee huyo nyumbani kwake, mtaa wa Ng'hong'hona, barazani, akimenya karanga pamoja na mkewe.

"Shikamoo, Mzee Kijuu."

"Marahaba, binti. Kaa. Sauti yako siijui."

Nyemo akamweleza yote. Mzee aliacha kumenya akasikiliza, macho yake yaliyofifia yakiwa yameelekea kwenye karanga.

"Nilizitengeneza nikila mihogo yangu mchana," alisema. "Niliambiwa ni kazi kubwa mno kwa faida ya mtu mmoja. Na kweli mtumiaji alikuwa mmoja."

"Kwa nini uliondoka?"

"Mawakala walikuja. Nikaambiwa pumzika, mzee, kazi yako sasa inafanywa haraka zaidi." Hakusema kwa uchungu. "Baada yangu, ameajiriwa asiyeona mwingine?"

Nyemo alitamani aongope. "Hapana."

"Ehee."

"Mzee, nimekuja kushukuru. Tunataka jina lako liandikwe pale mlangoni."

"Sitaweza kulisoma," alisema, na mkewe akacheka. "Nashukuru, mwanangu. Lakini mimi nataka kiti cha kazi pale kituoni. Changu au cha mwingine kama mimi, si kitu, ila kiwe na mtu."

"Nitakipigania," Nyemo alisema. Na alikipigania kweli. Vikao vilikuwa vikali, lakini kabla ya msimu wa zabibu viti viwili vilipatikana, na kimoja Mzee Kijuu alikikalia mwenyewe.

Siku ile barazani, kabla Nyemo hajaaga, Verdiana alipiga tena. Mama wa yule mtoto alitaka kusema na aliyewasaidia. Nyemo akaiweka simu mkononi mwa mzee.

"Baba," sauti changa ilisema, "ahsante. Leo amenyonya."

"Alhamdulillahi," Mzee Kijuu alisema. "Anaitwa nani?"

"Hana jina bado. Tulikuwa tunaogopa kumpa." Nyuma ya mama yule sauti za wanawake zikasikika. "Bibi yake amekuja. Tunampa leo."