Rangi ya Uso wa Robi

Asubuhi kwangu hapa Nyansurura ilikuwa inaanza na ng'ombe. Nawafungulia, nawasha moto, nampikia Robi uji. Zamani yeye ndiye alikuwa ananipikia mimi. Lakini tangu mahindi yalipokuwa ya magotini alikuwa wa kitandani. Hospitali walisema dawa iliyobaki ni ya maumivu tu, turudi nyumbani. Tukarudi.

Robi ni mke wangu. Siku moja nikiwa nakoroga uji akaniita.

"Mzee, nataka picha."

"Picha ya nini?"

"Ya kuweka kwenye jeneza. Usijifanye hujui."

Nikasahau kukoroga. Uji ukamwagikia moto.

Picha yake ilikuwa moja tu, ile ya kitambulisho. Amekodoa macho kama mtu aliyekamatwa. Tena Robi alikuwa na hofu. Dada yake Teresia alipozikwa kule Nyanungu, picha iliyowekwa ilikuwa na poda nyingi, uso mweupe kama ugali wa sembe. Watu wakaulizana, "Huyu ni nani?" Robi aliumia kwa hilo siku zote.

"Mimi nisije nikaulizwa," akaniambia. "Nataka wanijue."

Mjukuu wetu Gloria akasema, "Bibi, nitakupamba mimi." Akaleta poda yake mwenyewe. Akaongeza na poda ya mtoto, eti ing'ae. Chumba chetu kina dirisha dogo, giza tupu. Akapaka, akasugua. Vumbi likaruka, Robi akakohoa mpaka nikamshika mgongo. Gloria akapiga picha kwa simu, akatuonyesha.

Uso mweupe, shingo nyeusi. Ngozi yake ilikuwa imekauka kwa ugonjwa, poda imeshika mabaka mabaka kama ukuta unaobanduka chokaa. Na kovu lake la shavuni halipo kabisa.

Robi akaitazama sana ile simu.

"Gloria, kwani nimeshakufa tayari?"

Gloria akaangua kilio. Mimi nikachukua fimbo yangu nikatoka, maana mzee kulia mbele ya mtoto siyo vizuri.

Nikaenda moja kwa moja kwa Samira. Samira ni jirani, anauza vipodozi sokoni na anapamba maharusi mpaka mjini Mugumu. Alikuja na kikapu chake.

"Shikamoo babu. Shikamoo bibi."

"Marahaba," akasema Robi. "Nitengeneze nisifanane na mzuka."

Samira akaishika ile poda. "Gloria, hii uliichaguaje?"

"Ni yangu. Inanipendeza."

"Wewe, ndiyo. Bibi siyo wewe. Poda siyo ya kumfanya mtu mweupe. Inafuata rangi ya mwenye uso. Na hii ya mtoto weka mbali. Vumbi lake linaingia kifuani, na mgonjwa hana nguvu ya kukohoa."

Akasema tumtoe nje kwenye mwanga. Nikambeba Robi. Alikuwa mwepesi, sisemi zaidi. Tukamkalisha kwenye kiti karibu na ghala.

Samira akamnawisha kwa maji ya uvuguvugu, akamkausha kwa kumgusagusa na kitambaa safi. Akampaka mafuta kidogo, akakaa kusubiri.

"Unasubiri nini?" nikamuuliza.

"Mafuta yaingie, babu. Yakiwa bado juu, poda inaganda mabonge."

Halafu akafungua vikopo vitatu vya poda. Kwanza alisoma tarehe ya kuisha ya kila kimoja. Akapaka kidogo kidogo pale taya linapokutana na shingo. Ya kwanza ilikuwa kama majivu. Ya pili nyekundu kama udongo wa kichuguu. Ya tatu nikaitafuta, sikuiona.

"Iko wapi?"

"Hapohapo. Huioni kwa sababu inafanana na yeye. Ndiyo yake hiyo."

Akatoa sponji mpya, akampa Gloria. "Sponji ni ya mtu mmoja, kama mswaki. Mkishirikiana, mnapeana vipele. Sasa gusagusa, usisugue. Anza kwenye paji la uso, pua na kidevu, panapong'aa. Kwingine kidogo tu. Inayozidi, pangusa. Na jioni mumuoshe, asilale nayo."

Gloria akafika shavuni. "Hili kovu tulizibe?"

"Toa mkono!" Robi akasema, na sauti ilikuwa ile yake ya zamani. "Hapo pana ng'ombe. Babu yako huyu, siku ameleta mahari kwetu Nyanungu, ng'ombe wake mmoja alinichoma pembe pale langoni. Ng'ombe aliniweka alama kabla yeye hajanioa."

"Alikuwa yule mwekundu," nikasema.

"Alikuwa mweusi! Hata ng'ombe wako umemsahau, mura!"

Robi akacheka, kuniita mimi mura, kijana, na uzee huu. Gloria akapiga picha papo hapo. Baada ya hapo alichoka, nikamrudisha ndani.

Haikufika mwezi. Kulikuwa na mvua siku tunamzika. Picha ilikaa mbele ya jeneza, Gloria ameifunika nailoni isilowe. Watu wa Nyanungu walipita mmoja mmoja, na hakuna aliyeuliza huyu ni nani. Mama mmoja mzee, macho yake mabovu, aliinama sana, akaweka kidole juu ya lile kovu.

"Ni Robi," akasema. Akakaa chini kulia.

Siku hizi Gloria akijiandaa kwenda kanisani anatoka nje na kioo, anaangalia shingo kwanza, ndipo anajipaka, kidogo. Wasichana wenzake wanamfuata awachagulie poda.

Ile sponji ya Robi, Gloria alitaka kuitupa. Alisema, "Babu, Samira alituambia sponji haishirikiwi."

Nikamwambia, "Iache. Hakuna atakayejipaka."

Nimeiweka kwenye boksi pamoja na kitambulisho chake. Asubuhi ng'ombe wakishatoka, na uji sina wa kumpikia, nafungua boksi naiangalia sponji. Bado ina rangi ya uso wake.