Zamu ya Kuongeza Maji

“Nani ameongeza maji kwenye betri?”

Baba mkubwa aliuliza hivyo Jumamosi iliyopita asubuhi, amepiga magoti kando ya kitanda cha shangazi, chupa ya maji ya betri mkononi, haijafunguliwa. Tulikuwa watano: yeye, shangazi, mimi na binamu zangu wawili.

Shangazi yangu anaishi ndani ya gari. Usimwonee huruma: yeye na mumewe walinunua basi dogo, wakang’oa viti, wakalifanya nyumba yenye jiko, sinki na paneli ya sola juu ya paa. Chini ya kitanda kuna sanduku la mbao lenye betri mbili za nyumba, mbali na ile ya kuwashia injini. Hizo ndizo zinazoendesha taa, pampu na, tangu mapafu yake yachoke, mashine ya oksijeni. Zikifa, shangazi anakosa pumzi.

Mumewe, tuliyemwita Fundi, alizilea kama watoto. Kila Jumamosi saa sita mchana aligonga kifuniko mara tatu. “Hodi, wakubwa, msinilipukie!” Kisha alifungua, akajaza maji palipopungua, akapaka grisi, akapima, akaandika tarehe na volti kwenye karatasi aliyoibandika ndani ya kifuniko.

Alipofariki mwaka jana tulipanga zamu. Jamani, familia yetu kwa kupanga! Kumbe, kama tulivyokiri asubuhi ile, kila mtu aliruka zamu yake akidhani mwenzake amekwenda. Hata mimi, bingwa wa midahalo chuoni, mtetezi wa wanyonge.

Lakini maji yalikuwa yamejaa. Na kwenye karatasi, chini ya tarehe ya mwisho ya Fundi, mistari ilikuwa imeendelea. Jumamosi baada ya Jumamosi. Mwandiko uleule.

“Dada yangu anamfuga marehemu humu,” baba mkubwa alininong’oneza. “Betri zitolewe leo hii.”

“Zikitolewa atavuta nini, baba mkubwa? Hotuba zako?”

“Mdomo huo utakuponza.”

“Nipe mpaka saa sita. Nitakuonyesha kuwa hakuna uchawi.”

Shangazi alisikia. Akageuza kichwa, mpira wa oksijeni puani. “Mwacheni Fundi afanye kazi yake,” alisema, kama mtu anayemzungumzia aliyeko jikoni.

Nilipanda juu, nikafunika paneli kwa turubai zito. Jua lisiingie, chaji isiingie. Nikapitisha nyaya za kipima volti nje ya sanduku, nikafunga kifuniko, nikakizungushia utepe wa gundi na kutia sahihi yangu juu yake. Saa mbili: kumi na mbili nukta sita. Saa nne: kumi na mbili nukta tatu. Zilikuwa zinashuka, kama betri yoyote isiyochajiwa. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilikuwa nimeifanya pumzi ya shangazi yangu kuwa hoja.

Binamu zangu walishachoka, wakaenda zao. Baba mkubwa alisimama mlangoni, jua linampiga mgongoni.

Saa sita kasoro dakika moja: kumi na mbili nukta moja.

Saa sita.

Ngo. Ngo. Ngo.

Kutoka ndani ya sanduku.

Namba ikapanda. Nukta tatu. Nukta sita. Nukta tisa. Harufu ya asidi ikanijaa kooni. Nikasikia maji yakimiminwa, taratibu, tundu moja baada ya jingine, chini ya godoro la shangazi. Naye amefumba macho, anatabasamu.

“Leo umechelewa,” alinong’ona.

Hakuwa anasema nami.

Utepe ulikuwa mzima. Sahihi yangu nzima. Niliukata utepe kwa kisu. Grisi mbichi. Maji yamefika kwenye alama. Kwenye karatasi kulikuwa na mstari mpya: tarehe ya siku ile, kumi na mbili nukta tisa. Chini yake, mwingine, wino haujakauka. Tarehe ya Jumamosi inayofuata. Mahali pa volti, neno moja:

Zima.

Baba mkubwa alikimbia. Kiatu chake kimoja kiko mlangoni mpaka leo.

Nilimsihi shangazi tumpeleke hospitali. Akakataa katakata kutoka nyumbani kwake. Nikamuuliza shangazi ni nini Fundi anachotaka.

“Amechoka kukaa peke yake, mwanangu.”

Juzi nilichana ile karatasi, nikaichoma. Jana nilifungua kifuniko. Ipo. Neno lipo.

Kesho ni Jumamosi. Nitakaa sakafuni, kidole changu kwenye swichi ya mashine, isizimwe na yeyote. Binamu zangu wamenijibu kuwa kesho si zamu yao.

Njoo wewe, ukae nami. Ufike kabla ya saa sita. Na ukifika mlangoni, tafadhali, usigonge. Niite tu.